Maswali ya Wasomaji: Rapa mweusi mezani kwa mhariri

Toleo lililopita niliandika kwamba vyombo vikubwa vya habari vya Marekani vimezoea kuwatazama wasanii weusi wa hip-hop kwa jicho la askari wa doria, na kwamba jicho hilo limetufikia hata sisi kupitia habari tunazozinunua kwao. Barua zimekuja nyingi, baadhi kali. Nimechukua nne. Kwa wasionifahamu: nilikaa miaka mingi kwenye dawati la habari za kimataifa la gazeti moja la kila siku hapa Dar es Salaam, nikipokea habari na picha za mashirika ya nje na kuamua zipi ziende kwa msomaji.

Shikamoo dada. Nina kijana wa kidato cha tatu ambaye ukuta wa chumba chake umejaa picha za marapa. Wewe unasema wanaonewa. Wanaonewaje, dada, wakati wenyewe ndio wanaoimba bunduki, dawa na matusi? Gazeti likiandika bunduki limekosea wapi? — Mzazi, Kihonda, Morogoro

Marahaba, kaka. Barua zinazouliza hivi ndizo zilizozidi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Carrie Fried, alichukua maneno ya wimbo wa zamani wa Kingston Trio, vijana wa kizungu waliokuwa wakipiga muziki wa jadi ya kwao kwa magitaa na banjo. Katika wimbo huo mtu anampiga risasi msaidizi wa mkuu wa polisi wa eneo, ambaye huko huitwa sherifu. Fried aliwapa watu maneno hayo wayasome bila kuwaambia yalikotoka. Baadhi waliambiwa ni rap, wengine wakaambiwa ni kantri, ule muziki wa wazungu wa mashambani. Wapo waliojulishwa kuwa mwimbaji ni mweusi, wapo waliojulishwa kuwa ni mzungu. Walioambiwa ni rap, au kwamba mwimbaji ni mweusi, waliyaona maneno yale ya kuchukiza, wakahofia yatakavyoharibu watu, wakaunga mkono serikali iyadhibiti. Wale wa kantri na wale wa mwimbaji mzungu hawakushtuka kiasi hicho. Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walilifanya jaribio hilo upya, wakakuta na jambo jingine: mtu akiambiwa ni rap, huamini zaidi kwamba mtunzi anasimulia aliyoyatenda kweli.

Kwa hiyo ukisema wanaimba bunduki, nakubali, wanaimba. Johnny Cash naye aliimba. Mwaka 1955 alitoa wimbo wa mfungwa wa gereza la Folsom anayekiri kwamba alimuua mtu mjini Reno kwa sababu tu alitaka kumwona akikata roho. Cash mwenyewe hakuwahi kutumikia kifungo cha gereza. Wasikilizaji walielewa kuwa amevaa sauti ya mfungwa, kama mtunzi yeyote anavyoruhusiwa. Aprili 1970 Rais Nixon alimkaribisha Ikulu akaimba. Mei 2011 Michelle Obama alimkaribisha Common, rapa wa Chicago, kwenye jioni ya ushairi katika Ikulu hiyohiyo, na televisheni ya Fox News ikaukamata mwaliko huo, ikachimbua mashairi yake ya zamani yaliyowagusa polisi na Rais Bush, ikamjadili kama mtu wa hatari anayepitishwa mlango wa mbele. Huyu Common, kaka, ni miongoni mwa marapa watulivu kabisa wa rika lake. Kama yeye ni hatari, sijui nani atapona.

Kisa kinachoniumiza zaidi ni cha Ice-T, maana hapo hata aina ya muziki ilibadilishwa ili ilingane na sura ya mtu. Mwaka 1992 yeye na bendi yake ya Body Count walitoa wimbo wa mtu aliyechoshwa na ukatili wa polisi mpaka anataka kuwaua. Ulikuwa roki nzito: magitaa yanayonguruma, ngoma za kasi, kupiga kelele. Hakuna kughani mle. Los Angeles ilikuwa imetoka tu kuungua baada ya mahakama kuwaachia askari waliompiga Rodney King, mtu mweusi. Chama cha polisi cha Texas kikawataka watu waisusie kampuni ya Time Warner iliyokuwa ikiuza albamu hiyo, Makamu wa Rais Dan Quayle akaingia, na kwenye magazeti na televisheni wimbo ukaitwa rap, siku baada ya siku. Ice-T alieleza hadharani kwamba ule ni wimbo wa roki, lakini haikusaidia kitu. Kumbuka kwamba mwaka 1974 Eric Clapton, Mwingereza mzungu, alifika nambari moja Marekani kwa wimbo wa Bob Marley kuhusu mtu aliyempiga sherifu risasi. Julai 1992 Ice-T aliuondoa wimbo kwenye albamu. Ilipofika 2021, Body Count ileile ilipewa Grammy ya roki nzito, yaani hatimaye wakaambiwa rasmi walichokuwa wakikipiga tangu mwanzo.

Sikuandikii haya nikidai mashairi yote yanafaa kwa mwanao. Mengine ningeyazima nikiyasikia sebuleni kwangu. C. DeLores Tucker, mama mweusi aliyeandamana na Martin Luther King, miaka ya 1990 aliwaandama marapa kwa jinsi walivyowatukana wanawake weusi, na katika mengi nasimama naye. Lakini tazama alivyofanya: alinunua hisa za Time Warner ili apate haki ya kusimama kwenye mkutano wa wanahisa mwaka 1995 na kuwauliza wakubwa wa kampuni uso kwa uso, maana ndio waliokuwa wakipokea fedha. Wengi waliomnukuu waliishia kwenye jina la rapa. Mkurugenzi aliyesaini mkataba na kupanga tangazo hakupata ukurasa wa mbele.

Na hapa ndipo kazi yangu ya zamani inaponifanya niseme kwa uhakika. Gazeti halihitaji kudanganya ili limtie mtu doa. Agosti 9, 2014, kijana wa miaka 18, Michael Brown, aliuawa na askari polisi huko Ferguson, Missouri, akiwa hana silaha. Agosti 25, siku ya mazishi yake, New York Times lilichapisha makala juu ya maisha yake iliyosema kwamba hakuwa malaika, na miongoni mwa vitu vilivyotajwa hapo ni kwamba miezi ya karibuni alikuwa ameanza kurap, mashairi yake yakiwa mara ya kutafakari, mara ya matusi. Mhariri wa gazeti hilohilo aliyekuwa akisimamia malalamiko ya wasomaji, Margaret Sullivan, aliandika kuwa neno lile la malaika lilikuwa kosa kubwa. Mimi neno la malaika liliniuma, lakini lililonikaa zaidi ni lile la kurap. Kijana amekufa, mama yake yuko mazishini, na utunzi wake wa kitoto unawekwa kwenye orodha moja na dawa na pombe. Fikiria kama angekuwa akijifunza kinanda.

Rapa Nipsey Hussle aliuawa Los Angeles alasiri ya Machi 31, 2019. Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Asubuhi tulikuta picha tele zimeshaingia: yuko jukwaani, yuko na suti, yuko na michoro ya mwili akitazama kamera kwa ukali. Kichwa cha habari kilichokuwa kimeandaliwa kilikuwa na neno genge, na picha iliyochaguliwa mnajua ni ipi. Nilimwomba mwenzangu tusome taarifa yote mpaka chini kabla ya kufunga ukurasa. Ni kweli Nipsey aliwahi kuwa mtu wa magenge, na hakulificha hilo. Huko chini kabisa ndiko yalikokuwa mengine: kwamba alikuwa amewekeza kwenye mtaa uleule aliokulia, kwamba aliuawa nje ya duka lake mwenyewe, kwamba siku iliyofuata alitakiwa akutane na wakuu wa polisi wa Los Angeles kuzungumzia njia za kuwaepusha vijana na magenge. Baba yake ni Mueritrea, na yeye alikwenda kuwaona ndugu zake huko mwaka 2004 na tena 2018. Alikuwa na miaka 33. Tulibadilisha picha, tukabadilisha kichwa, na mkutano na polisi tukaupandisha aya ya pili. Hakuna tulichokificha, hata genge lilibaki, likakaa mahali pake.

Kwa hiyo jioni ukikaa na mwanao, msomeni habari ya rapa mmoja mpaka mwisho, mkiangalia kilichowekwa juu na kilichosukumwa chini. Halafu muulize anachokipenda kwenye zile picha za ukutani. Huenda akakutajia mambo ambayo gazeti halijawahi kukuambia.

Habari za kazi, dada. Mbona Eminem ni mzungu na naye alisemwa vibaya sana? Sioni ubaguzi, naona watu hawapendi matusi. — Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Nzuri, mdogo wangu. Ni kweli alisemwa. Septemba 2000 Lynne Cheney, ambaye mumewe alikuwa akigombea umakamu wa rais, alimtaja kwa jina mbele ya kamati ya Seneti kwa mashairi yake ya ukatili kwa wanawake. Mashirika ya kutetea mashoga nayo yalimpinga, na kwa sababu za msingi.

Ila kosa lake lilibaki kuwa lake. Sikumbuki kipindi cha televisheni kilichowaita wataalamu kujadili kwa sababu ya Eminem kwamba vijana wa kizungu wana kasoro gani, au familia za wazungu zimeharibikia wapi. Kwa mweusi mambo hayaishii kwa mmoja. Juni 28, 2015 Kendrick Lamar alitumbuiza kwenye tuzo za BET, televisheni ya burudani ya weusi wa Marekani, akiwa amesimama juu ya gari la polisi lililochorwachorwa, akiimba wimbo wa kuwatia watu moyo kwamba wataokoka. Geraldo Rivera wa Fox News akasema hewani kwamba hip-hop imewadhuru vijana weusi kuliko ubaguzi wa rangi katika miaka ya karibuni. Tazama tarehe. Siku 11 tu kabla ya tuzo hizo, mzungu mwenye itikadi za kibaguzi alikuwa ameingia kwenye kanisa la weusi mjini Charleston, akawaua watu tisa waliokuwa wakisoma Biblia. Makaburi yao yalikuwa bado mabichi. Miaka mitatu baadaye Kendrick alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu ambayo ndani yake ameiweka sauti ya kituo hicho hicho kikimshutumu. Alikuwa wa kwanza kuipata nje ya muziki wa klasiki na jazi.

Nakubaliana nawe kwamba watu hawapendi matusi. Naomba tu uangalie nani akitukana huulizwa yeye, na nani akitukana huulizwa ukoo mzima.

Asalaam aleikum bibi. Nilisikia kuna rapa wa Atlanta aliyesomewa nyimbo zake kortini kama ushahidi. Yawezekana? Na magazeti yanaingilia wapi hapo? — Msomaji, Majengo, Mombasa

Waaleikum salaam. Yawezekana, na imetokea mara nyingi. Unayemsema ni Young Thug. Mei 2022 yeye na wenzake 27 walishtakiwa katika kaunti ya Fulton, Georgia, kwamba YSL ni genge la uhalifu. Mawakili wake wakasema YSL ni jina la kampuni yake ya muziki. Waendesha mashtaka waliweka mistari ya nyimbo ndani ya hati ya mashtaka, na Novemba 2023 jaji akaruhusu baadhi yake isomwe mbele ya baraza la mahakama, yaani raia wanaochaguliwa kuamua kama mtu ana hatia. Ilikuwa kesi ndefu kuliko zote katika historia ya Georgia. Oktoba 2024 Young Thug alikiri baadhi ya makosa, akatoka na miaka 15 ya kuwa chini ya uangalizi. Nakwambia hilo la kukiri ili usije ukadhani namtakasa. Sijadili kama alitenda au hakutenda. Nasema wimbo si kiapo.

Nyinyi watu wa Mombasa ndio mngelielewa hili upesi. Mmekulia kwenye mashairi ya kujibizana na taarabu za vijembe, ambamo mtu huimba amemmaliza mwenzake, amemzika, na asubuhi wanakutana sokoni wote wazima. Hakuna kadhi aliyewahi kuita shahidi ubeti. Na kujigamba ni sehemu ya rap tangu ilipoanza, mtu akijikuza mbele ya mpinzani kwa maneno aliyoyazidisha makusudi.

Erik Nielson na Andrea Dennis, walioandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 2019, walikusanya kesi kama 500 za namna hiyo Marekani, na walioshtakiwa karibu wote ni vijana weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini. Magazeti huingia mapema, kabla ya jaji. Polisi wakiitisha mkutano na waandishi, hutoa picha ya mtuhumiwa aliyopigwa kituoni pamoja na mistari miwili mitatu ya wimbo wake, na kesho yake vyote viwili vimo gazetini kama vilivyo. Anayekuja kuchaguliwa kuketi kwenye baraza la mahakama ameshakunywa chai asubuhi akiisoma ile mistari, bila mdundo, bila beti nyingine, bila kujua ni mchezo gani unaochezwa. Mwaka 2022 California ilipitisha sheria inayomtaka jaji apime kwanza uzito wa kazi ya sanaa kabla ya kuiruhusu kuwa ushahidi. Ni hatua, ingawa haimzuii mhariri.

Mambo vipi dada, heshima yako. Mimi ni msanii wa hip-hop hapa Usa River, Arusha. Gazeti moja liliandika kuhusu shoo yetu likatuita wahuni, na picha waliyoweka ni ya vijana wengine kabisa wanaovuta bangi, si sisi. Tufanye nini? — MC, Usa River

Poa, mdogo wangu, na pole sana.

Kwanza nikukumbushe ulipo. Kijiji cha Imbaseni kiko jirani yako, na pale Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha kutetea weusi wa Marekani, huko Kansas City, na mkewe Charlotte walianzisha kituo cha jamii ambacho nina hakika unakijua. Huko ndiko alikohamia Geronimo ji-Jaga Pratt, Mpantha wa Los Angeles aliyekaa gerezani miaka 27 kwa mauaji, mpaka hukumu yake ilipofutwa mwaka 1997, baada ya kubainika kuwa shahidi mkuu alikuwa mpasha habari wa vyombo vya usalama na mahakama haikuambiwa. Alifariki hapo hapo Juni 2011. Geronimo alikuwa baba wa ubatizo wa Tupac Shakur. Mama yake Tupac, Afeni, naye alikuwa Mpantha. Alijitetea mwenyewe mahakamani New York akiwa mjamzito, akaachiwa huru yeye na wenzake Mei 1971, na mwezi uliofuata akajifungua. Kwa hiyo Tupac alizaliwa katika nyumba ambayo magazeti yalikuwa yameshaiita ya wahalifu kabla yeye hajapata jina. Nikisoma makala zinazoanza habari zake kwenye rabsha za 1996, naona zimeruka nusu ya hadithi, na nusu hiyo iko umbali wa safari fupi ya daladala kutoka kwako.

Kwetu, wazazi waliona video za Los Angeles wakahitimisha kuhusu kijana wa Mbeya. Rapa wetu Sugu aliitwa mhuni miaka na miaka, na mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini wakampeleka bungeni. Profesa Jay, rapa mwenzake, akachaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Unaweza kuzipinga siasa zao. Kura zile zilipigwa na watu waliosikiliza nyimbo mpaka mwisho.

Sasa suala lako. Picha ya watu wengine ni kosa la wazi ambalo mhariri hawezi kulitetea, kwa hiyo anza nalo na usichanganye na hasira ya neno wahuni. Andika barua kwa mhariri, utaje tarehe, ukurasa na maelezo yaliyowekwa chini ya picha, uambatishe picha halisi za shoo yenu, uombe masahihisho yachapwe kwenye ukurasa uleule. Baki na nakala. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania. Kazi yake mojawapo ni kusuluhisha mambo ya namna hii kati ya wananchi na vyombo vya habari, na huhitaji wakili.

Kwa shoo zijazo, usimwachie mwandishi atafute picha. Mpe zenu tatu au nne nzuri, zenye majina ya waliomo, pamoja na maneno ya nyimbo yaliyochapwa. Mwandishi aliyechelewa, mwenye kurasa za kujaza saa mbili usiku, hutumia kilicho mkononi. Nimelishuhudia hilo kwa miaka mingi.

Nasi tutumieni wimbo mmoja na maneno yake. Dawati letu la muziki litausikiliza na kuuandikia kama wimbo.